Kuyawahi magugu kabla hayajachomoza: shajara ya matuta sita, Ujiji

Juni 8

Bustani yetu iko Ujiji, upande wa kuteremkia bonde la Luiche. Ni yangu na shangazi. Yeye ndiye mwenye ardhi na mwenye neno la mwisho, mimi ndiye mwenye daftari. Mwaka jana vitunguu vilitushinda, na havikushindwa kwa wadudu wala kwa kukosa maji. Vililiwa na magugu. Kitunguu ni mmea usiojua kujitetea: majani yake yamesimama kama sindano, hayatoi kivuli, na chochote kinachoota pembeni kinapata jua lote kinalotaka. Tulipalilia mara nne. Mara ya nne tulikuwa tunang'oa kitunguu pamoja na gugu kwa sababu mizizi ilishashikana.

Mwaka huu nataka kuyawahi. Madukani zipo dawa za viwandani za kunyunyiza ardhini kabla magugu hayajachomoza, lakini mchicha wa bustani hii tunaula sisi wenyewe, na maji tunayomwagilia yanatoka kwenye kisima ambacho jirani anachotea ya kunywa. Shangazi kasema hapana, nami sina hoja ya kumpinga. Kwa hiyo natafuta njia za asili, na nitaandika kila ninachofanya, hata kile kitakachonitia aibu.

Matuta ni sita, kila moja upana mita 1 na urefu mita 5. Leo nimeanza na tuta la 6, kwa kuwa ndilo linalodai muda mrefu: nimelisawazisha kwa reki, nikalimwagilia hadi maji yakazama vizuri, nikalifunika kwa nailoni angavu, ile wanayotandika juu ya meza za mama ntilie. Kingo zote nimezifukia udongo ili mvuke usitoke. Litakaa hivyo wiki tano. Nailoni angavu inapitisha jua hadi kwenye udongo na kuufungia joto ndani, na mbegu za magugu zilizo karibu na uso zinapikwa. Nyeusi haichemshi udongo kiasi hicho, maana joto linaishia kwenye nailoni yenyewe.

Juni 12

Mzigo kutoka Dar umefika kwa treni. Binamu yangu anafuga kuku wa mayai huko, na nilimwomba kilo 2 za gluteni ya mahindi anayochanganya kwenye chakula chao ili kiini cha yai kiwe cha manjano. Ni unga wa rangi ya dhahabu iliyofifia, una harufu kama ya uji uliolala.

Nieleze kwa nini nimehangaika nao hivi. Huko Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, mtafiti wa nyasi za viwanja aitwaye Nick Christians alikuwa akifanya majaribio ya unga wa mahindi miaka ya 1980, akitafuta jambo jingine kabisa la magonjwa ya nyasi. Akagundua kwamba mbegu alizopanda kwenye udongo uliochanganywa na unga huo zinachipua lakini hazishiki mizizi. Alipochambua akaona kazi hiyo inafanywa zaidi na sehemu ya protini, yaani gluteni. Mwaka 1991 wakapata hataza, yaani hati ya kulinda ugunduzi, na tangu hapo unga huo unauzwa kama dawa ya asili ya kuzuia magugu.

Kiwango kinachotajwa kwa kawaida ni karibu gramu 100 kwa mita mraba. Tuta langu la mita mraba 5 linataka nusu kilo.

Juni 13

Shangazi kaniuliza swali la maana kuliko yote: "Kama ni mahindi, kwa nini usichukue pumba pale mashineni? Zimejaa magunia."

Jibu ni kwamba mashine zetu zinasaga mahindi makavu. Zinakoboa ganda na kiini cha mbegu, hiyo ndiyo pumba, na unga unabaki kwetu. Gluteni haipatikani hivyo. Inatoka kwenye viwanda vya wanga, ambako mahindi yanalowekwa kwanza, yakasagwa na maji, kisha wanga ukatenganishwa na protini. Gluteni ina protini karibu asilimia 60. Pumba ina kama asilimia 10 tu. Ukimwaga pumba tutani umelisha mchwa.

Tena jina linachanganya watu. Hii gluteni si ile ya ngano inayoufanya unga wa chapati uvutike.

Shangazi: "Sawa, lakini mahindi tulime hapa, unga wake utoke Dar?" Sikujibu.

Juni 15

Kwa sababu ya swali hilo nimeongeza kitu cha kwetu kwenye jaribio. Mkoa huu una michikichi, na mafuta ya mise, yaani ya kokwa za ndani ya chikichi, yakishakamuliwa yanabaki mashudu. Wafugaji wa nguruwe wanayanunua, lakini si ghali. Sijasikia popote kwamba yanazuia magugu. Nayaweka ili yawe kipimo: kama tuta la gluteni litastawi, nijue ni kwa ajili ya magugu kupungua au ni mbolea tu. Gluteni ina naitrojeni karibu asilimia 10, na nusu kilo ni kama gramu 50 za naitrojeni. Kwa urea ingekuwa gramu 110 hivi. Mashudu ya mise nayahesabu yana asilimia mbili na nusu, kwa hiyo naweka kilo 2 ili vilingane.

Mpango basi: tuta la 1 tupu, la 2 gluteni, la 3 mashudu, la 4 kuotesha magugu na kuyakwangua, la 5 kuotesha, kukwangua na kuweka matandazo, la 6 nailoni.

Juni 19

Jaribio la sahani, jikoni. Sahani mbili, kila moja na kitambaa kilicholoweshwa na mbegu 20 za mchicha. Kwenye moja nimenyunyiza gluteni kijiko kimoja cha chai.

Juni 23

Sahani tupu: 18 zimeota, na mizizi inaonekana kama nyuzi nyeupe zenye vinywele. Sahani ya gluteni: 15 zimeota, ila mizizi ni vijiti vifupi, vingine vina ncha ya kahawia. Kijani kipo juu, chini hakuna kitu. Nimewaonyesha watoto wa jirani na kioo cha kukuzia, wakasema zinafanana na viluwiluwi.

Sahani ya gluteni inanuka. Imetupwa nje kabla shangazi hajarudi kutoka sokoni.

Juni 24

Nimemwagilia tuta la 4 na la 5, kisha sitapanda chochote. Hii ndiyo njia ya kuotesha: unaliandaa tuta kana kwamba unapanda kesho, unalipa maji, unayaacha magugu yatoke yote yaliyo tayari kutoka, halafu unayaua yakiwa machanga bila kugusa udongo wa chini. Mbegu nyingi za magugu zinazoota ni zile zilizo kwenye sentimita 5 za juu. Zilizo chini zaidi zimelala, na nyingi zinasubiri kuonjeshwa mwanga. Kila unapolima kwa kina unazipandisha juu na kuzifungulia mlango.

Kijana anayetusaidia maji alicheka. "Mwalimu anamwagilia majani."

Julai 3

Yamekuja kama zulia. Mchicha pori, kishona nguo, kongwa, na vijani vingine nisivyovijua jina. Nimetengeneza fremu ya vijiti, sentimita 50 kwa 50, ya kuhesabia. Tuta la 4: 143 ndani ya fremu. La 5: 131.

Mchicha pori peke yake ni zaidi ya nusu, na hapa nimejikamata mwenyewe. Mwaka jana nilinunua samadi mbichi ya ng'ombe, nikaitandaza bila kuivundika. Ng'ombe akila mchicha pori wenye mbegu, mbegu nyingi zinapita tumboni salama. Lundo la mboji likipata joto la kutosha, nyuzi 55 na kuendelea kwa siku kadhaa huku unaligeuza, mbegu zinakufa. Mimi nilizitoa zizini moja kwa moja nikazipandia vitunguu. Magugu niliyalipia kwa fedha yangu na nauli ya mkokoteni juu.

Nimekwangua kwa kijembe cha palizi kilichonolewa, nikikilaza, kisizame zaidi ya sentimita 2. Saa nne asubuhi, jua kali. Kufikia saa nane yote yalikuwa nyuzi kavu. Jioni nimemwagilia tena ili kundi la pili litoke.

Julai 5

Matuta ya 1, 2 na 3 nimeyapiga reki. Nusu kilo ya gluteni kwenye la 2, kilo 2 za mashudu yaliyopondwa kwenye la 3, vyote nimevichanganya kidogo na udongo wa juu. Nimeyamwagilia matatu sawasawa leo, na kesho nitarudia.

Julai 6

Kuku wa jirani. Wamegundua tuta la 3 alfajiri na kulichakura mwanzo mpaka mwisho, kisha wakahamia la 2. Bibi mwenye kuku kaja kuomba radhi huku anacheka: "Mjukuu wangu, umewaandikia karamu halafu unawafukuza wageni?" Nimesawazisha upya, nimeongeza mashudu kidogo na gluteni konzi moja, kisha nimezungushia chandarua chakavu. Kwa hiyo vipimo vya matuta haya mawili si safi tena kama nilivyotaka. Nimeandika ili nisije nikajisahaulisha.

Julai 10

Gluteni haizuii kuchipua, inazuia mizizi. Ndiyo maana wanaoijua wanasisitiza ukavu wa siku chache baada ya magugu kuchipua: yakikosa mzizi na yakakosa maji, yanakufa. Yakipata maji kila siku yanaweza kujikwamua na kuotesha mizizi mipya. Kwa hiyo nimeacha kumwagilia tangu jana.

Ndani ya fremu leo: tuta la 1 magugu 61, la 2 magugu 54, la 3 magugu 58. Kijana wa maji kanitazama kwa huruma.

Julai 13

Siku nne bila tone. La 1: 23. La 2: 6. La 3: 25.

Nimeirudia hesabu ya tuta la 2 mara mbili, nikiwa nimepiga magoti. Yaliyokufa ukiyavuta hayana mzizi wa kuyashika, yanatoka kama uzi uliodondoka. Nilifurahi. Halafu nikalitazama tuta la 1, lisilo na chochote, na huko nako magugu 38 kati ya 61 yamekufa. Nani aliyeyaua? Sijaweka kitu.

Matuta ya 4 na 5 nimeyakwangua kwa mara ya pili jana. Kundi la pili lilikuwa dogo: 37 na 40. La 6 limefunuliwa leo; udongo wake umekuwa laini na mweusi, na haukuwa na kitu chochote kijani.

Julai 14

Tumepandikiza vitunguu matuta yote sita, miche ya kitalu cha mwisho wa Mei. Mistari sentimita 20, mche na mche sentimita 10. Tumeanza saa kumi jioni ili miche isiungue. Kwenye matuta ya 4, 5 na 6 nimetoboa vishimo kwa kijiti badala ya kulima, nisiamshe kilicholala chini. Magugu yaliyosalia matuta matatu ya kwanza tumeyang'oa ili yote yaanze sawa. Tuta la 5 nimelitandaza majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa, unene kama sentimita 6, nikiacha nafasi shingoni mwa kila mche.

Shangazi alipendekeza nyasi kavu za njiani, ziko bure. Zimeshabeba mbegu. Ukizitandaza umejipandia mwenyewe.

Julai 17

Shangazi kaniambia, kama jambo dogo, kwamba juzi alimwaga mbegu za mchicha kandokando ya tuta la 2 na la 4, "ili nafasi isikae bure."

Julai 24

Mchicha wa kandokando ya tuta la 4 umesimama kijani. Wa tuta la 2 ni mashina matatu. Shangazi alidhani nimeung'oa kwa hasira, na kwa siku nzima aliniita "bwana mkubwa". Nikampeleka nikamwonyesha miche iliyolala, mizizi mifupi kama ile ya sahani jikoni.

Gluteni haichagui. Haijui mchicha pori wala mchicha wa mboga. Popote ulipoiweka usimwage mbegu kwa wiki tano, sita, mpaka nguvu yake iishe. Inafaa mimea ya kupandikiza: vitunguu, nyanya, kabichi, bilinganya. Kwa karoti na mchicha ni sumu ya hasara. Hili nilikuwa nalijua kabla, sikumwambia shangazi, na kosa ni langu. Nimemnunulia pakiti nyingine ya mbegu.

Julai 28

Wiki mbili za kumwagilia kila siku. Hesabu ndani ya fremu:

La 1: 70. La 2: 41. La 3: 77. La 4: 19. La 5: 4. La 6: 9, na kati ya hizo 9, ndago ni 7.

Ndago hazijali. Zinatoka kwenye viazi vyake vidogo vilivyo chini ardhini, si kwenye mbegu, kwa hiyo kizuia kuota chochote hakizihusu. Sangari ni vilevile, inatambaa kwa vikonyo vyake. Kama shamba lako tatizo lake ni ndago na sangari, usipoteze fedha kwa unga wa manjano. Chimba, okota viazi, rudia.

Tuta la 2 limenikatisha tamaa kidogo. Julai 13 lilikuwa mshindi, leo limeachwa mbali. Tofauti ni maji. Na si mimi wa kwanza kuambulia hivi: huko Marekani kwenyewe, majaribio ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, sehemu yenye mvua nyingi, hayakupata udhibiti wa magugu kwa gluteni. Watu wawili wanaosema ukweli wanaweza kupishana kwa sababu tu ya mawingu.

Julai 30

Palizi ya mkono, matuta ya 1, 2 na 3. La 1 lilichukua saa moja na dakika 20. La 2, dakika 45. La 3, saa moja na nusu. Haya ya mise yamekuwa mbolea kwa kila mtu, magugu yakiwa wa kwanza mezani.

Tuta la 4 dakika 15. Pale nilipong'oa kisiki cha mpapai mwishoni mwa tuta hilo, udongo wa chini ulipanda juu, na hapo pameota duara la magugu utadhani limechorwa kwa bikari. Nje ya duara, mawili matatu.

Agosti 9

Swali la Julai 13 haliniachi. Nani aliyaua magugu ya tuta tupu? Nimeandaa vituta viwili pembeni, mita 3 kila kimoja. Cha 7 kina gluteni gramu 300, cha 8 hakina kitu. Kila kimoja nimekigawa katikati kwa ubao. Vyote vitamwagiliwa siku nne, kisha nusu ya kusini itaendelea kupata maji na nusu ya kaskazini itaachwa kavu.

Agosti 14

Nusu za kaskazini zimefungiwa maji. Kijana wa maji nimemwekea vijiti vyekundu asikosee.

Agosti 19

Cha 7, kwenye maji: 38. Cha 7, pakavu: 5. Cha 8, kwenye maji: 44. Cha 8, pakavu: 17.

Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikazitazama hizo namba nne muda mrefu. Gluteni ikiwa na maji ni kama haipo. Ukavu bila gluteni umefanya sehemu kubwa ya kazi. Vyote viwili pamoja ndivyo bora, lakini ule unga uliosafiri kutoka Dar unamalizia tu kazi iliyoanzwa na jua.

Kigoma hatupati mvua ya maana kuanzia Juni mpaka Septemba. Miezi hiyo tunailaumu: kisima kinashuka, migongo inauma kwa ndoo. Ila ndiyo miezi pekee ambayo mkulima wa bustani ameshika funguo za maji mwenyewe. Akitaka magugu yaote, anayapa maji. Akitaka yafe, anafunga siku nne. Masika hana uwezo huo hata angekuwa na magunia kumi ya gluteni. Watu wa Iowa wanaangalia utabiri wa hali ya hewa wakiombea siku kavu, mimi ninazo zaidi ya mia mfululizo na nilikuwa nazitumia kupumzika.

Agosti 20

Nimemsimulia shangazi. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha: "Mama yangu alikuwa akimwagilia shamba la mboga kabla ya kulima, anasema anayaita majani yaje ayaone. Sisi watoto tulidhani uzee."

Kwa nini hakuniambia Juni? Kasema sikuuliza.

Agosti 31

Karoti. Nimetaka kuona kama njia ya tuta la 4 inafaa kwa mbegu za kumwaga, kwa kuwa karoti inachukua wiki mbili, wakati mwingine zaidi, kuchomoza, na magugu hayaisubiri. Nimeotesha na kukwangua mara mbili mwezi huu kwenye kipande cha mita 2, leo nimemwaga mbegu, nimefunika kwa gunia la katani lililoloweshwa. Gunia linatunza unyevu na linanyima magugu mwanga. Sharti uliondoe mara tu karoti za kwanza zikianza kutoa vichwa. Ukichelewa siku mbili zinapauka na kurefuka kama miche ya chumbani.

Septemba 11

Nimeondoa gunia. Zimetoka kwa mistari na ninaiona mistari. Mwaka jana nilikuwa nazitafuta karoti kwa vidole.

Septemba 15

Vitunguu vya tuta la 2 vina rangi ya kijani iliyokolea kuliko vyote. Hiyo ni naitrojeni ya gluteni inayoachiwa polepole. Nimeona pia shingo zake ni nene, jambo lisilonifurahisha, maana naitrojeni nyingi mwishoni inafanya kitunguu kichelewe kukomaa na kisikae ghalani. Kuanzia sasa hakuna tuta linalopata mbolea.

Palizi ya pili imefanyika. Matuta ya 1 na 3 yamekula muda karibu uleule wa Julai. La 5 nimetembea tu nikachomoa sita.

Oktoba 8

Nimeondoa matandazo ya tuta la 5 ili mabega ya vitunguu yapate jua na kukauka. Chini yake udongo ulikuwa na unyevu na nyungunyungu, na mchwa pia, kwenye kona moja. Mchwa ni gharama ya matandazo huku kwetu, hasa kiangazi. Wamekula majani ya migomba karibu nusu, vitunguu hawakuvigusa.

Oktoba 25

Tumevuna. Tumepima kwa mzani wa duka la jirani, baada ya kukata majani: la 1 kilo 10 na nusu, la 2 kilo 14, la 3 kilo 11, la 4 kilo 13, la 5 kilo 15 na nusu, la 6 kilo 13 na nusu. Tuta moja moja kwa kila njia ni kitu kidogo, na kuku walishaingilia, kwa hiyo sitabishana na mtu kuhusu nusu kilo. Nitabishana kuhusu muda. Palizi zote za tuta la 1 nimezijumlisha: karibu saa tatu. Tuta la 4, pamoja na zile kukwangua mbili za mwanzo: saa moja na dakika 10. Tuta la 5, saa moja na nusu ukihesabu kukatakata majani ya migomba, ambayo ni kazi ya kuudhi.

Vitunguu vya tuta la 2 nimevitenga. Shingo nene. Hivyo ndivyo vitakavyoliwa kwanza.

Nailoni ya tuta la 6 ilipasuka jua lilipoipiga wiki ya nne, sitaweza kuitumia tena. Kwa mita 5 za vitunguu ni ghali. Kwa kitalu, ambako magugu madogo yanaua miche midogo, ningeinunua tena.

Oktoba 30

Mvua ya kwanza ya maana usiku wa jana. Asubuhi bustani yote ilikuwa inanukia vumbi lililolowa, na kufikia wikiendi najua kitakachofuata. Funguo za maji zimerudi kwa mwenyewe. Mpaka Mei nitategemea matandazo na jembe, na samadi inavundikwa chini ya mwembe, nimeshaigeuza mara tatu. Juni 1 nimeshaiandika kwenye kalenda ya ukutani: "Mwagilia matuta yote. Usipande."

Imebaki gluteni zaidi ya kilo moja. Bibi wa kuku kapita leo kuuliza kama ule unga wa manjano bado upo, maana vifaranga wake wametotolewa juzi. Nimempa mfuko wote. Chandarua nimekiacha kilipo.